Kobe na Dawa Aliyoichelewesha

Zamani hizo wanyama wa bondeni walikuwa na ghala moja la wote, na Kobe ndiye aliyeamua dawa zipi zinunuliwe kwa nafaka ya ghala hilo. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mwangalifu kupita kiasi.

Mwaka mmoja Korongo alileta kutoka mbali dawa mpya ya saratani. Kuro, rafiki wa Kobe tangu utotoni, alikuwa akiugua maradhi hayo.

"Ni ghali, na wanaoihitaji ni wachache," Kobe akasema. "Tuichunguze kwanza hadi masika."

Masika yalipofika, Kuro alikuwa ameshazikwa. Tangu hapo kila mvua iliponyesha, Kobe alimkumbuka Kuro alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto, maji yakimfika shingoni naye akicheka.

Miaka ikapita, saratani ikampata Kobe mwenyewe. Dawa ilikuwa bado haijanunuliwa. Nyumbu, mwamuzi mpya, akamwambia mbele ya baraza la wanyama, "Mzee Kobe, wewe ndiye uliyetufundisha kusubiri."

Kobe akainamisha kichwa. Ndipo mjane wa Kuro akasimama barazani.

"Mume wangu alimvusha huyu kila masika, wala hakuuliza wanaovuka ni wangapi. Fungueni ghala."

Wakalifungua, wakainunua dawa, na Kobe akapona. Akaenda kwa mjane kuomba radhi.

"Kwa nini umenitetea, shemeji?"

"Umebaki wewe tu uliyemjua Kuro akiwa mdogo," mjane akajibu. "Kaa kitako, uwasimulie wanangu."