Pembe ya Kitabuni

"Ng'ombe ana pembe mbili," alisema mwalimu mkuu, akimsogezea Moyna kifutio. "Ndivyo insha ya kitabuni inavyosema, na ndiyo mliyoikariri kwa ajili ya mtihani. Futa hiyo 'moja' uliyoandika."

Moyna alimtazama mwalimu wake wa darasa. Yeye ndiye aliyewaambia jana, "Kitabu kifunikeni. Andikeni kuhusu ng'ombe mnayemjua." Leo alikuwa ameinamisha kichwa.

Moyna alimjua ng'ombe wake. Kila asubuhi alikishika kile kigutu cha pembe iliyovunjika, nacho kikamkwaruza kiganja kama ganda la fenesi.

Akakirudisha kifutio.

"Wetu yuko hapo nje anakula nyasi, mwalimu. Kamwambie mwenyewe kwamba anazo mbili."

Mwalimu wake wa darasa akainuka, akaenda kumfungulia mwalimu mkuu mlango.