Adui wa Akiba ya Misiba

Agnès alikuwa akimwombea mabaya mtu asiyemjua hata jina. Alikuwa amepiga magoti kanisani kwao, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mablanketi katikati ya Johannesburg, na sauti yake ilimzidi hata mchungaji.

"Bwana, mukono yake isitufikie tena! Popote iko, akose njia ya kuja kwetu!"

"Amina!" waliitikia akina mama.

Habari za mtu huyo alizipata kwa Levi, Mkenya anayefanya kazi benki kule Randburg. Levi ndiye aliyemsaidia kuweka akiba ya misiba ya jumuiya yao ya Wakongo, ile ya kusafirisha maiti hadi Bukavu, kwenye mfuko wa hatifungani za serikali ambao vipande vyake huuzwa na kununuliwa kila siku kwenye soko la hisa. Akaunti waliifungulia kwenye simu ya Agnès. Kila simu ilipomuuliza kama anakubali, alibonyeza anakubali, kama tufanyavyo sote.

Jumamosi alikwenda kumpelekea Levi sombe, mboga ya majani ya muhogo. Levi akala, akaropoka.

"Mama Agnès, siku hizi kuna watu wanauza sana ule mfuko wenu. Wanaazima vipande, wanauza leo. Bei ikishuka wananunua tena kwa bei ya chini, wanarudisha walipoazima, na inayobaki ni faida yao. Tangu Machi wanazidi kuongezeka."

"Kumbe kuna mutu anangojea tuanguke?"

"Si lazima. Wengine wana hatifungani tele zao wenyewe, wanaogopa riba ikipanda bei yake itashuka. Kwao hiyo ni kama bima tu. Usishtuke."

Agnès alikuwa ameshashtuka zamani. "Na ni mujinga gani anamuazimisha adui kisu?"

"Anayelipwa," Levi akacheka, akajiongezea sombe.

Agnès hakucheka. Usiku mzima aliwaza mtu mmoja mnene, tai shingoni, anayekaa mahali akisubiri waangamie. Ndiyo maana Jumapili ile magoti yake yaliuma.

Baada ya laana zikaja shukrani. Mchungaji Parfait alimsimamisha Hélène, mdogo wake Agnès, aliyeugua kisukari mpaka mwaka huu akaanza kuona ukungu. Sindano zake zilikuwa ghali, na akiba ya misiba haikuguswa kwa ajili ya aliye hai. Hiyo ndiyo sheria waliyojiwekea, na hakuna aliyewahi kuivunja. Lakini tangu Aprili, kila mwisho wa mwezi, pesa zilikuwa zikiingia kwenye akaunti ya jumuiya bila jina la mtumaji, na kila mwezi ziliongezeka kidogo. Mchungaji aliamua zinunue sindano za Hélène.

"Kuna mukono wa siri hapa katikati yetu," alisema mchungaji. "Haitaki kusifiwa."

Macho yote yakamgeukia Ezéchiel, muuza vitenge. Ezéchiel alikana kwa unyenyekevu mtamu kiasi kwamba kila mtu akawa na hakika ni yeye. Wakambariki yeye, biashara yake na uzao wake.

Ndipo Agnès akasimama. Akawaeleza habari za adui na kuwaomba waitoe akiba yao kabla hajawamaliza. Walinyoosha mikono wote. Kesho yake aliviuza vipande vyote, bila hasara hata kidogo, akaziweka pesa benki ya kawaida. Usiku huo alilala fofofo.

Mwisho wa mwezi ulifika, na mkono wa siri haukuonekana.

Wakangoja. Hélène akaanza kupunguza dozi, akisema anajisikia vizuri. Hakuwa anajisikia vizuri. Alikunywa maji kama aliyetoka jangwani, na siku moja akamwita Agnès kwa jina la mama yao marehemu. Agnès alitoka nje ya chumba akalia, kisha akaenda moja kwa moja dukani kwa Ezéchiel.

"Papa, kama tulikukosea, utusamehe. Hélène anakufa."

Ezéchiel aliinamisha uso kwenye vitenge vyake. "Mama, sikutoa hata siku moja. Mulinisifu, nikaona haya kukataa zaidi."

Kanisa likafunga na kuomba. Safari hii hawakumwombea mtu mabaya. Walimlilia Mungu amrudishe mfadhili wao. Agnès alimwomba mchungaji afungue akiba. Mchungaji alimtazama kwa huruma ya kweli, akamkumbusha sheria. Akiba ilikuwa salama, yote, ikimngoja wa kwanza kufa.

Agnès hakuvumilia. Alimfuata Levi kazini, akamtolea simu mbele ya lifti.

"Uko mutu wa benki. Nitafutie jina ya huyu alikuwa anatutumia. Jina tu. Nitamupigia magoti, arudi."

Levi alikuwa hajui lolote kuhusu pesa hizo. Aliipokea simu, akasoma namba zilizoambatana na kila malipo, akatazama tarehe, akarudi juu, akasoma tena. Agnès aliona uso wake ukibadilika.

"Eish," alisema polepole.

"Unamujua?"

"Jina silijui, mama. Lakini hii ni ada ya kuazima vipande vyenu; ulikubali viazimwe siku ile tulipofungua akaunti. Aliyekuwa akiilipa ni yule yule muuzaji mliyemkimbia."