Ndama Mwekundu wa Fahali Mweusi

Wanasimulia ng'ombe wakicheua kwamba Fahali mmoja mweusi, asiye na pembe, aliletwa kwenye zizi la wenye pembe. Mkewe, mweusi vilevile, akamzalia mtoto wa kwanza: ndama mwekundu kama udongo wa kichuguu.

"Huyu si wangu," Fahali akasema. "Atoke zizini, yeye na mama yake."

Yangeyange, ndege ambaye hawezi kulipita jambo bila kuuliza, akatua kichwani kwa ndama, akapapasa kwa mdomo.

"Ajabu. Ndama wote humu wana vichomozo vya pembe, huyu hana hata kimoja. Bwana Fahali, nani mwingine hapa hana pembe?"

"Ni mimi tu," Fahali akakiri. "Lakini wekundu kautoa wapi? Sisi wote weusi."

"Marehemu baba yangu alikuwa mwekundu," mkewe akasema.

Yangeyange akainamisha shingo. "Na mama yako, Bwana Fahali?"

Fahali akainama, akaanza kumlamba ndama utosini, palepale alipokuwa yeye mwenyewe akilambwa utotoni na mama yake mwekundu.