Macho Wazi

Mwalimu Ndeshi aliwaambia watoto wa shule ya Jumapili kila mmoja achore anachokiogopa, akitie kikapuni, wamkabidhi Yesu.

Alitarajia nyoka, mbwa, labda giza. Karatasi ya kwanza ilikuwa na funguo zilizofungwa kwa utepe mwekundu. Ya pili vilevile. Mpaka ya tisa, ya mwisho, zilikuwa funguo zilezile. Utepe ule aliujua. Ulining'inia kiunoni mwa Mzee Eliufoo, mzee wa kanisa aliyeshika funguo za stoo, aliyependa kuwaita watoto wamsaidie kupanga viti.

Nje, barazani, funguo zikalia.



"Mwalimu, tuombe," alinong'ona Nanzia, mdogo kuliko wote. Tayari watoto wote walikuwa wameinamisha vichwa na kufumba macho, kama alivyowafundisha mwenyewe.

Ndeshi akazikunja karatasi zote, akazishindilia ndani ya Biblia yake. Akaenda kusimama kati yao na mlango.

"Tunaomba, wanangu," alisema. "Lakini leo tunaomba macho wazi."

Vichwa vikainuka kimoja kimoja. Kitasa kikaanza kuzunguka, na watoto wote tisa walikuwa wakikitazama.