Mrija Mmoja wa Nyumba

Siku hizo sheria ilikuwa kila nyumba mrija mmoja wa akiba wa kupumulia, basi. Hewa ya mtungi ilimwishia mzamiaji akiibuka tu, na mashua ya kumchukua ilikuja ikipenda. Mwenye mrija alilala kifudifudi juu ya maji akapumua. Asiye nao aliyanywa mawimbi mpaka yakamtosha.

Biubwa na mumewe Pandu walizama kila siku kung'oa nyaya za shaba katika mji uliozama. Siku nyumba zilipopanga foleni kuchagua mirija yao, Biubwa alichukua mrija wa kukunjwa, unaoenea kiganjani kama andazi.

"Ubebe wewe, mke wangu," Pandu alisema mbele ya foleni nzima. "Mimi nina mapafu ya nyangumi!" Watu wakacheka, naye akacheka nao, pengo la meno yake ya mbele wazi.

Asubuhi moja Biubwa aliukunjua aukague. Kwenye mpira wa kung'ata palikuwa na alama mbichi za meno, na katikati yake pengo. Mwenye pengo nyumbani mle alikuwa mmoja tu.

Akaukunja, akautia katika mfuko wa paja.

"Umeuchukua?" Pandu aliuliza.

"Ninao, bwana'ngu."

Pandu akainama kumfungia zipu ya mfuko, kwa upole kabisa, na mkono wake ukakawia pale mfukoni, juu ya mrija.