Chupa ya Mtama

Tangu mbegu zipigwe marufuku, kila nyumba ilipewa chupa moja, ndani yake kipande cha jani la mtama kikichipua miche. Aliyeifungua kabla ya ukaguzi alichukuliwa, wala hakurudi.

Asubuhi ya ukaguzi Kabula aliona ukungu umeota chupani, dalili kwamba imefunguliwa. Akageuka haraka.

"Mama, umeigusa?"

"Nimeitemea mate ya baraka," akasema mama mkwe wake, "kama nilivyowatemea wajukuu."

Hodi ikapigwa. Kabula akamsukumia bibi kizee chumbani, akarudishia mlango. Mkaguzi akaiinua chupa kwenye mwanga.

"Nani kaifungua?"

"Mimi," akajibu Kabula.

Mlango wa chumbani ukalia. Bibi akatoka akitabasamu, mikono kainyoosha.

"Ni mimi, baba. Kama yako haijabarikiwa, ilete."