Bangili ya Shija

Bangili ya mwanangu Shija iligeuka nyekundu asubuhi, kabla hata hajaharisha. Ndivyo zilivyo bangili hizi wanazovishwa watoto: zinaona vijidudu vya tumboni vinavyomdumaza mtoto kimyakimya. Na sheria ni moja tu, chochote kinachovibeba kiondolewe nyumbani.

Kikosi cha usafi kikaja na mapanga. Kuku wetu kumi na wawili, tunaolala nao ndani, wakachinjwa palepale mlangoni, damu ikaruka hadi kwenye neti. Mbwa akapigwa rungu la kichwa. Sakafu ya udongo ikafumuliwa kwa sururu. Sikulia.

"Ondoeni kila kitu!" niliwaambia. "Ana miaka mitatu, na watu wanadhani ana mmoja."

Walipomaliza, bangili ilikuwa nyekundu bado.

Kiongozi wao akazunguka na kipimo cha vijidudu, akasimama mbele ya mama mkwe wangu. Bibi alikuwa kwenye kigoda, anamtafunia Shija kiazi na kumtia mdomoni, kama alivyomlea mume wangu.

Kipimo kikalia.

"Mama Shija," kiongozi akaniuliza, panga lake linachuruzika, "ulisema kila kitu?"

Nikaitazama miguu ya Shija, myembamba kama vijiti, nikachelewa kujibu.